Kutoka picha 14 hadi 4: shajara ya safari ya Death Valley

22 Februari

Safari hii imeanza na tarehe, mahali pamefuata baadaye. Mwaka huu wa 2026 mwezi unazama gizani kabisa tarehe 12 Agosti, na kilele cha Perseidi, mvua ya vimondo ya kila Agosti, ni usiku wa kuamkia tarehe 13. Mambo hayo mawili hayaangukii usiku mmoja kila mwaka. Mpiga picha wa nyota ni kama mvuvi wa dagaa: wenzake wakifurahia mbalamwezi, yeye anahesabu siku za giza.

Mahali ni Death Valley, mashariki mwa California, mpakani na Nevada. Mwaka 2013 hifadhi hiyo ilitambuliwa kimataifa kuwa miongoni mwa sehemu zenye anga la giza, tena kwa daraja la dhahabu. Kuna uwanda wa chumvi, kuna matuta ya mchanga, kuna vilima vya manjano, waridi na kijani, na sehemu kubwa ya hayo unayafikia kwa lami. Leo jioni nimekaa na daftari nikaorodhesha picha ninazozitaka. Zimefika 14.

Mdogo wangu, ambaye ndiye dereva wa safari, aliisoma orodha yote akauliza swali moja: "Kaka, mbona picha nzuri za huko karibu zote zimepigwa Januari?"

8 Machi

Nimemtafutia jibu, na limenikata maini.

Rekodi rasmi ya joto la hewa duniani, nyuzi 56.7, ilipimwa Furnace Creek, katikati ya bonde hilo, tarehe 10 Julai 1913. Wapo wataalamu wa hali ya hewa wanaoitilia shaka, na mimi sitaki ugomvi wao. Kilichonishtua ni cha karibu zaidi: tarehe 16 Agosti 2020 kipimo cha hapohapo kilisoma 54.4. Ni wiki ileile ninayotaka kwenda.

Halafu kuna Julai 2024, mwezi wa joto kuliko yote uliowahi kurekodiwa pale. Wastani wake ulikuwa 42.5, na wastani huo umejumlisha usiku. Nilisoma mara mbili. Kichwani mwangu jangwa la usiku lilikuwa baridi: unavaa sweta, unapiga picha, unarudi hemani. Majangwa mengine ndivyo yalivyo. Hili ni bonde jembamba, sehemu yake ya chini kabisa iko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na limebanwa na milima mirefu pande zote mbili. Mchana ardhi tupu inakunywa jua. Hewa inayopanda inapoa kidogo, inashuka tena kwenye kuta za milima, na kadiri inavyoshuka inagandamizwa na kupata moto upya. Usiku mawe yanairudishia hewa joto lililobaki. Saa sita usiku unaweza kukuta bado nyuzi 38.

Hapo ndipo mpango ulipopinduka. Nilidhani ninapanga safari ya kupiga picha jangwani, kumbe ninapanga jinsi ya kukaa nje kwa dakika chache kadiri inavyowezekana.

Hifadhi yenyewe inashauri kwamba kiangazi usitembee kwa miguu sehemu za chini baada ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo kalamu nyekundu: Golden Canyon, Mosaic Canyon yenye kuta za marumaru zilizosuguliwa na maji, Natural Bridge, na picha nyingine mbili za mchana. Zimebaki 9.

29 Machi

Leo nimeifuta Racetrack Playa, na imeniuma.

Ni uwanda wa matope yaliyokauka, ambapo mawe yametembea yenyewe na kuacha mifereji nyuma yake. Kwa miaka mingi watu walibuni kila aina ya maelezo, mpaka Desemba 2013 watafiti walipoyashuhudia yakienda kwa macho yao. Maji machache yanaganda usiku kuwa ukoko mwembamba wa barafu, asubuhi barafu inavunjika vipande vipana, upepo wa kawaida tu unavisukuma, navyo vinalisukuma jiwe juu ya tope laini, polepole kiasi kwamba ukisimama mbali huoni kitu. Picha niliyoitaka ilikuwa jiwe moja, mfereji wake, na juu Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota za galaksi yetu.

Lakini kutoka kreta ya Ubehebe hadi huko ni kilomita 43 za barabara ya mawe yenye makali, inayojulikana kwa kula matairi. Simu haishiki. Mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza kabisa kutoka kwenye lami. Tairi likipasuka saa tatu asubuhi mwezi wa Agosti, utakaa kwenye kivuli cha gari ukiomba mtu mwingine mwenye wazimu kama wako apite. Nimefuta, na kreta nayo imeondoka kwa sababu ilikuwa njiani.

Artists Palette imeondoka kwa sababu nyingine: rangi zake hukolea jua likielekea kuzama, na saa kumi au kumi na moja jioni ndipo joto linapofika kileleni. Ungesema unashuka garini dakika tano tu. Ninajijua. Dakika tano zangu huwa arobaini.

Zimebaki 6.

19 Aprili

Mazungumzo na shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye ni muuguzi. Nilimpigia nimwulize kuhusu maji, yeye akaanza na usingizi.

"Shemeji, mnalala wapi mchana?"

Nikamweleza mpango wangu, ambao hadi jana niliuona wa kijanja. Tunapiga picha usiku kucha chini bondeni, alfajiri tunapanda gari hadi kambi ya Mahogany Flat, karibu mita 2,480 juu ya usawa wa bahari, kwenye kivuli cha misonobari mifupi, tunalala kwenye ubaridi. Tena kutoka hapo kuna njia ya kwenda kilele cha Telescope Peak, picha yangu namba 11.

"Na nani anaendesha kupanda huko, baada ya kukesha usiku mzima kwenye joto?"

"Mumeo."

Kimya. Kisha akasema hapana, kwa sauti ambayo nadhani anaitumia wodini. Alikuwa na hoja. Kutoka Badwater, uwanda wa chumvi ulio chini kabisa bondeni, hadi kambini ni zaidi ya saa mbili za kona na milima, na kipande cha mwisho ni changarawe. Joto linachosha hata aliyekaa kitako. Tunalala Furnace Creek, chumba chenye kiyoyozi, mapazia mazito, dakika ishirini au thelathini kutoka karibu kila tunapopiga picha. Gharama imepanda, na Telescope Peak imefutwa. Zimebaki 5.

Kuhusu maji: hifadhi inasema angalau lita nne kwa mtu kwa siku. Shemeji akataka tubebe mara mbili ya hizo garini, pamoja na chumvichumvi za kuongeza kwenye maji. Nanakili maneno yake hapa nisiyasahau: "Jasho lisikudanganye, shemeji. Hewa kavu hivyo inalikausha kabla halijakulowesha. Utadhani hutoki jasho, kumbe unakauka. Kunyweni kwa saa, msingoje kiu."

10 Mei

Wiki hii nimefanya kazi niipendayo, kupanga saa. Nimegundua kwamba usiku wa tarehe 12 unajipanga wenyewe ukiufuata kwa mpangilio wa barabara.

Jua linazama kama saa moja na dakika arobaini jioni. Giza kamili, lile ambalo jua liko nyuzi 18 chini ya upeo wa macho, linaingia karibu saa tatu na robo. Na karibu dakika hizohizo kitovu cha Njia Nyeupe kinakuwa kusini kabisa, nyuzi 24 au 25 juu ya upeo, mkanda wake ukiwa umesimama karibu wima. Badwater inalala kaskazini hadi kusini. Ukisimama kwenye chumvi na kuangalia kusini unapata bonde refu lililo wazi, Black Mountains kushoto, milima ya Panamint kulia, na ule mkanda katikati kama moshi unaopanda. Mwanga wa Las Vegas uko mashariki, nyuma ya Black Mountains. Sikuhitaji kulazimisha chochote.

Kitovu kinazama baada ya saa saba usiku, lakini hatukingoji. Saa nne na nusu tunafunga, tunarudi kaskazini kilomita 27 hadi Furnace Creek, kisha tunapanda Dante's View. Hapo ni mita 1,669, juu kabisa ya Badwater ileile tuliyotoka, na kwa kawaida ni baridi kuliko bondeni kwa nyuzi 8 hadi 14. Perseidi hupamba moto baada ya saa sita usiku, kadiri sehemu ya anga vinapoonekana kutokea inavyopanda kaskazini-mashariki. Kamera inakaa juu ya ukuta wa mlima, inaangalia bonde, inapiga picha za sekunde 20 mfululizo hadi saa kumi na robo. Sisi tunakaa kwenye viti.

Kisha kushuka. Zabriskie Point iko njiani kabisa, mita chache za kupanda kutoka maegesho. Jua linachomoza nyuma yako kidogo baada ya saa kumi na mbili asubuhi, na mwanga unaanza kwenye milima ya mbali, unashuka, unaligusa jabali la Manly Beacon, halafu unamwagika kwenye vilima vya njano vilivyokunjamana mbele yako. Saa moja na nusu tuko kitandani.

Picha tatu usiku mmoja, na pengine tutatembea jumla ya kilomita moja na nusu. Ya nne, matuta ya Mesquite Flat, ina usiku wake. Ya tano ilikuwa lenzi ndefu ya milimita 400 kutoka barabarani, milima iliyosogezwa karibu. Niliifuta bila simanzi. Hewa inayochemka juu ya ardhi ya namna hiyo inafanya kila kitu cha mbali kitetemeke, na mazigazi hayaondoki kwa kununua lenzi ghali zaidi. Lenzi nzito inabaki nyumbani.

Zimebaki 4. Mdogo wangu anasema sasa inafanana na safari.

14 Juni

Jaribio la kwanza. Mwezi uko gizani tena, basi nikatafuta usiku mmoja wa kufanya kila kitu kama itakavyokuwa Agosti. Aibu tupu.

Mchana nilikuwa nimefanya jambo moja la busara: niliifungia kamera yangu ya zamani ndani ya gari juani kwa saa mbili, kipimajoto kando yake. Kilisoma 58. Kamera nyingi zimeidhinishwa kufanya kazi hadi nyuzi 40 tu. Usiku nikaitoa ikiwa bado vuguvugu, nikaweka lenzi ya milimita 14 kwenye alama niliyoibandika utepe wiki iliyopita, pale nyota zinapotoka kali kama nukta; tundu la lenzi f/2.8, sekunde 20, wepesi wa kunasa mwanga ISO 3200. Nikapiga picha thelathini bila kukuza hata moja kwenye kioo, kwa sababu alama ilikuwepo. Kurudi ndani na kufungua kompyuta, nyota zote zilikuwa vitumbua: duara, nono, zenye kingo. Joto lilikuwa limetanua vyuma na vioo vya lenzi, na umbali wa mbali kabisa haukuwa tena pale nilipoubandika. Unene wa kucha tu umesogea.

Kwa hiyo utepe unabandikwa palepale, baada ya lenzi kukaa nje nusu saa, kwa kukuza nyota moja angavu kwenye kioo na kuzungusha hadi iwe nukta. Na unakaguliwa upya tukifika Dante's View, kwa kuwa huko ni baridi zaidi.

Chengachenga, vile vidoti visivyo nyota vinavyochafua picha za giza, nazo zilikuwa nyingi kuliko nilivyozoea. Umeme mdogo unaovuja bila mwanga wowote kwenye kihisi, kile kipande cha kamera kinachonasa picha, huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda nyuzi sita hadi nane. Kamera inaweza kupiga picha nyingine nyeusi ya muda uleule na kuitoa kwenye ile ya kwanza, ila hapo unapoteza nusu ya usiku, na vimondo havisubiri. Nitapiga picha nyeusi kumi mwishoni, kifuniko kikiwa juu ya lenzi, joto likiwa lilelile, kisha nitazitoa kwenye kompyuta.

Nilichokiogopa bure: ukungu kwenye kioo. Aliyezoea hewa ya pwani anajua ukitoa kamera kwenye kiyoyozi lenzi inageuka kikombe cha chai. Kule hewa ni kavu mno, mvuke wa kuganda kwenye kioo hauna pa kutoka.

5 Julai

Jangwa hili linaweza pia kuniharibia kwa maji. Agosti ndiyo majira ya ngurumo, na bonde zima hupata takriban milimita 50 za mvua kwa mwaka. Tarehe 5 Agosti 2022 zilishuka kama 37 asubuhi moja, zikazingira karibu watu elfu moja na kufukia magari kwa vifusi. Tarehe 20 Agosti 2023, mabaki ya kimbunga Hilary yakamwaga 56 kwa siku moja, mvua ya mwaka mzima na zaidi. Barabara zilifungwa kwa wiki nyingi, na Badwater ikawa ziwa lililodumu hadi mwaka uliofuata. Wapo waliopata picha za ajabu za milima ikijitazama ndani ya maji. Wapo pia walioingia kwa miguu kwenye tope la chumvi na kuacha nyayo zisizofutika haraka. Nikikuta unyevu, nabaki ukingoni.

Mpango wa pili ni Alabama Hills, magharibi, karibu na mji wa Lone Pine: mawe ya mviringo, matao, na Mount Whitney wa mita 4,421 nyuma yake. Ni juu zaidi, joto lake linavumilika. Siupendi kama wa kwanza, ila nimeuweka ukiwa na saa na mahali pa kulala, kwa sababu mpango wa pili usio na kitanda ni porojo.

Upande wa gari, mdogo wangu ameandika mwenyewe: spea yenye upepo, maji ya rejeta, tanki lisishuke chini ya nusu, kiyoyozi kinazimwa kwenye mpando wa Dante's View injini ikionyesha kuchoka. Likiharibika, tunakaa nalo, hatuondoki kwa miguu. Tumekodi kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti. Droni niliyokuwa naiwazia imeishia mawazoni, hifadhi za taifa za Marekani haziruhusu.

26 Julai

Matuta ya Mesquite Flat. Tutaingia alfajiri ya tarehe 14, saa kumi na moja kasorobo, kwenye giza, ili tuwe kwenye ukingo wa tuta anga likianza kupauka. Mwanga wa pembeni ndio unaochora mikunjo ya mchanga, na unadumu kama dakika arobaini kabla kila kitu hakijawa bapa. Saa moja na nusu tuwe tumetoka.

Kuna nyoka anayetembea kwa ubavu, mwenye sumu, ambaye kiangazi huwinda kwenye mchanga huo usiku. Tochi nyekundu ni nzuri kwa macho lakini haionyeshi kitu cha rangi ya mchanga kilichojizika nusu. Tumekubaliana: kutembea ni kwa tochi nyeupe, nyekundu ni ya kusimama. Viatu vya kufunika mguu mzima, hata kama mchanga utapendeza. Tarehe 15 Julai 1972 uso wa ardhi Furnace Creek ulipimwa nyuzi 93.9, na watalii wameungua nyayo kwenye matuta hayahaya.

Stendi: ninafungua kwanza kipande chembamba cha chini, ili maungio yabaki juu ya mchanga. Nimeizungushia sponji la mpini wa baiskeli, maana chuma kilicholala garini hakishikiki. Lenzi hazibadilishwi nje. Betri sita ziko kwenye mfuko mkavu ndani ya kisanduku cha baridi, mbali na barafu yenyewe.

2 Agosti

Siku kumi kabla ya usiku wenyewe. Jaribio la tatu jana usiku: kufunga stendi, kamera, kukagua nyota, picha ya kwanza safi, dakika sita na nusu. La kwanza lilikuwa ishirini na mbili.

Shemeji alikuja kukagua maji. Alihesabu madumu, akatikisa kichwa, akaongeza mawili. Kisha akachukua utepe wangu mweupe, uleule wa lenzi, akakata vipande vitatu na kubandika kwenye mguu wa stendi, kila kimoja na mwandiko wake wa muuguzi usiosomeka vizuri: 4:30 Badwater, 10:15 Dante, 1:30 mchanga. Ndizo saa za kuondoka.

"Na Njia Nyeupe ikiwa bado inaonekana?" nikamwuliza.

"Itaonekana na mwakani, shemeji."

Nilijaribu kukibandua kile cha Badwater baada ya yeye kuondoka, nikisogeze hadi saa tano kasoro robo. Kimeshika. Nimekiacha.